Babu alikuwa hakati mti mwezi ukiwa mpevu. Kabati lake la 1968 zima, langu la 2019 unga mtupu. Tatizo nini?

MmatengoDaslamu #1
Wakuu salama?

Jana natoa shati kabatini nakuta unga mweupe mabegani kama nimetoka kinu cha mahindi. Kugonga ubavu wa kabati kidole kikazama. Nililinunua 2019, laki tano na ushee, muuzaji aliniapia kabisa kwamba ni mninga. Nikakumbuka kabati la babu kule Umatengo, Mbinga, ambalo bibi anasema ni la mwaka 1968 kabla baba hajaanza shule, na mpaka leo ukifunga mlango wake unasikia hewa inatoka pfuu, lilivyobana. Halina tundu hata moja.

Babu alikuwa mkulima wa kahawa na seremala. Ufundi aliupata Peramiho kwa mabruda wa Kijerumani miaka ya mwanzo ya 50, alienda kwa miguu na akarudi kwa miguu na randa ya mbao, ile yenye pembe mbele ya kushikia, patasi nne na jiwe la kunolea. Patasi hizo mpaka anafariki 2011 zilikuwa zimeisha kwa kunolewa zimebaki fupi kama kidole na hakutaka kusikia habari ya mpya. Sasa mzee alikuwa na mwiko wake mmoja, hakati mti mwezi ukiwa mpevu. Ukimpelekea kazi kwanza anaangalia juu. Anasubiri mwezi uishe kabisa, giza, ndo anashika shoka. Wajukuu tukiuliza anasema mti una maji yake na mwezi unayavuta, basi, hana maelezo mengine. Na hapo bado, mbao zikishapasuliwa zinapandishwa darini juu ya jiko la bibi zinakaa mwaka mzima. Mteja akilalamika anaambiwa aende kwa fundi mwingine, na fundi mwingine hakuwepo.

Ni mwezi kweli au kuna kitu kingine? Na nyie wenye babu mafundi leteni habari zao.

NasubiriMajibu #2
Nimekuja na kigoda changu, nakaa hapa mbele.

Jini Kisirani #3
Mbona rahisi. Mwezi ukiwa mkubwa njia ya kilabuni inaonekana vizuri, babu yuko kwenye ugimbi. Mwezi ukiisha hawezi kutoka usiku, ndo anakumbuka kuna watu wanadai milango yao 😂😂

MmatengoDaslamu #4
Jini babu alikuwa mwanakwaya wewe. (Ugimbi alikunywa lakini, siwezi kudanganya.)

Seremala Keko #5
Mkuu pole na kabati. Mimi natengeneza samani hapa Keko, Dar, mwaka wa 17 huu, ngoja nikwambie ukweli ambao wenzangu watanichukia. Kabati lako mninga ni milango tu, na yenyewe huenda siyo yote. Ubavu, mgongo na rafu za ndani ni mbao laini au mninga ule mweupe wa nje karibu na gome, halafu kunapigwa rangi ya mninga na vanishi juu, mteja anaona vinafanana anatoa hela. Ile nyeupe ya nje ndo chakula cha mdudu. Kiini chekundu cha mninga mdudu hakigusi, ukatwe mwezi mpevu, ukatwe mchana, ukatwe na shetani mwenyewe.

Zamani magogo yalikuwa manene, fundi anatupa nyeupe yote na bado anabaki na ubao wa inchi 12. Siku hizi gogo linakuja kama paja la mtu, ukitupa nyeupe unabaki na mpini wa jembe. Kwa hiyo babu yako hakuwa na siri ya mwezi, alikuwa na miti mikubwa.

misitu_kwanza #6
Naungana na #5 kwa sehemu kubwa. Nimesoma mambo ya misitu pale chuo kikuu cha kilimo SUA ingawa sasa nauza spea za pikipiki.

Mdudu anayetoa unga laini kama wa ngano kwenye samani anatafuta wanga. Mti unaweka akiba ya wanga kwenye ile sehemu nyeupe, ndo sehemu iliyo hai inayopandisha maji. Kiini ni sehemu iliyokufa, mti umeshaijaza utomvu na kemikali zake, kwenye mninga hata kwa macho unauona ule wekundu, ukiukata unatoa kama damu. Wanga unapanda na kushuka kwa msimu. Mti ukikaribia kuchipua majani unakuwa na akiba nyingi, ukishachipua akiba imetumika. Kwa hiyo wakati wa kukata una maana, ila ni msimu wa mwaka, siyo wa mwezi angani.

Na kabla hamjaniuliza, ndio, kuna watafiti wa Uswisi wa chuo cha Zurich walikata miti kwa kufuata mwezi wakapima, wakaona tofauti ndogo kwenye jinsi mbao zinavyokauka. Ndogo. Na ilikuwa miti ya Ulaya ya baridi, siyo mninga wa Namtumbo.

Mlushoto #7
Misitu hiyo "ndogo" mnaidharau. Fundi haishi kwa kubwa.

Kwetu Shume, Lushoto, babu mzaa baba alilima viazi na kabichi, kazi ya pili kupasua mbao. Siyo mashine, shimo. Gogo linawekwa juu ya shimo, mtu mmoja anasimama juu anavuta msumeno, mwingine yuko chini ndani ya shimo anavuta kwa chini na vumbi lote la kwake. Babu alianza kwa kukaa chini miaka mitatu ndo akapandishwa juu, alikuwa anatuhesabia kama watu wanavyohesabu vyeti. Mti wa kule mkulo, ukiufungua unanukia dawa ya kifua nyumba nzima, na mwangati ule wa kutengenezea penseli. Wajerumani waliupenda mno mwangati wetu mpaka wakajenga njia ya kamba ya chuma kutoka Shume juu huko kushusha mbao mpaka Mkumbara kwenye reli ya Tanga. Mtu ukisimama Mkumbara ukaangalia ule mlima huamini.

Sasa mkulo hauliwi, nguo zikiwekwa ndani haziliwi na nondo. Hakuna cha mwezi hapo, ni harufu. Lakini babu naye alikuwa hakati mwezi mpevu! Yeye alisema mbao inapinda. Siyo kuliwa, KUPINDA. Kwa hiyo wazee wawili, mwiko mmoja, sababu mbili tofauti. Hilo mnalijibuje?

GukaWaMuranga #8
Hata huku Kenya hiyo ipo. Guka wangu Murang'a alikuwa na kahawa miti 400 hivi na nyuma ya nyumba kibanda cha useremala. Yeye sababu yake ilikuwa mchwa, alisema mti wa mwezi mkubwa una sukari na mchwa wananusa. Poles zote za boma alikata mwezi ukiwa umeisha, kisha anapaka oili chafu ya lori chini futi mbili. Mimi nikimuuliza, guka kama mwezi unasaidia oili ni ya nini? Alikasirika akakaa wiki bila kuniongelesha.

Hiyo sasa ni sababu ya tatu. Kuliwa, kupinda, mchwa.

Jini Kisirani #9
Mkifika kumi nishtueni, ya kwangu ya kilabuni iwekwe kwenye orodha.

Bi Shemegi #10
Samahanini wakaka, mtoa mada umesema babu alikuwa mkulima. Nimeolewa Mbinga mwaka wa tisa sasa. Ngolo za huko naomba utuambie zilichimbwa na nani?

MmatengoDaslamu #11
😅 Bi Shemegi umekuja na rungu.

Kwa wasiojua, ngolo ni yale mashimo ya kwenye miteremko, ukiangalia mlima kwa mbali unaona kama sega la nyuki. Wanaume wanafyeka nyasi mwezi wa pili wa tatu huko, zikinyauka wanazipanga mistari inayokatana kama drafti. Halafu wanawake wanakuja na jembe, wanatoa udongo katikati ya kila mraba wanafunika zile nyasi, panabaki shimo, na maharage yanapandwa juu ya matuta hapo hapo. Mahindi yanafuata mvua za mwisho wa mwaka. Mvua kubwa ikija maji yanaishia kwenye mashimo, udongo hauendi popote na nyasi zinaoza kuwa mbolea. Milima ile ilivyosimama, bila ngolo tungekuwa tunalima mawe.

Kwa hiyo ndio. Babu alifyeka na kupanga, bibi ndo alichimba. Babu kahawa, bibi chakula cha nyumba nzima. Kwenye msiba wasifu ulisomwa "marehemu alikuwa mkulima hodari" na bibi amekaa pale na viganja kama ubao wa kufulia. Hakusema kitu.

Bi Shemegi #12
Asante. Endeleeni na mwezi wenu.

mwana kilwa #13
Assalaam alaykum. Sisi watu wa pwani jambo hili halina mjadala. Marehemu babu yangu mzaa mama alikata boriti za mikoko na msimu wa mvua analima mpunga. Boriti haikatwi mwezi ukiwa mkubwa, na sababu wala si wadudu. Mwezi mkubwa ni bamvua, maji yanajaa mpaka juu, utasimama wapi na shoka lako? Na mwezi ukiandama vilevile bamvua. Kwa hiyo unakata katikati, maji mafu. Mtu wa bara kaona mpwani hakati boriti mwezi mpevu akadhani ni siri ya mti, kumbe ni kuogopa kulowa.

Halafu boriti zikishakatwa zinalazwa matopeni na maji ya chumvi wiki kadhaa. Nyumba za mawe za Kilwa na Lamu dari zake ni boriti hizo. Vyumba vile mnavyosema vyembamba havikujengwa hivyo kwa mapenzi, upana wa chumba ni urefu wa boriti, mkoko mnyoofu mnene hauendi mbali sana. Mti ndo ulichora ramani.

misitu_kwanza #14
#13 umenifurahisha na hiyo ya bamvua, sikuwahi kuiwaza. Kulaza kwenye maji kunasaidia kweli, wanga na sukari vinatoka. Watu wa mianzi wanafanya hivyohivyo.

Mlushoto #15
Ila Mbinga hakuna bahari na Shume hakuna bahari. Mwiko ulipandaje mlima?

mwana kilwa #16
Ulipanda na watu. Pembe za ndovu zilishuka na mwiko ukapanda 😄

Kipande cha Mtu #17
Mnasahau moshi jamani. Mtoa mada mwenyewe kasema mbao zinakaa darini juu ya jiko mwaka mzima halafu mnabishana habari ya mwezi. Nyumba ya mama yangu Rungwe kenchi za jikoni ni mkaratusi mbichi kabisa uliokatwa tu, umekuwa mweusi kama lami na hauna tundu, wakati kenchi za sebuleni, mti uleule, siku ileile, fundi yuleyule, zimeliwa tumebadilisha mara mbili. Mwezi ulikuwa mmoja. Tofauti ni moshi.

Seremala Keko #18
Hapo #17 umepiga msumari kichwani. Na ukavu. Mbao ya babu inakaa mwaka, ya kwangu inashuka kwenye lori Jumanne Ijumaa ni kitanda. Siyo kwamba sijui. Nikikausha mwaka mzima kodi ya banda nalipa na nini? Mteja anataka harusi ya mwezi ujao. Mzee wa kijijini alikuwa na kahawa na maharage, useremala ulikuwa wa kuongezea chumvi, ndo maana anaweza kumwambia mteja subiri. Mimi sina ngolo hapa Keko.

MmatengoDaslamu #19
Hiyo ya Keko imeniingia. Ni kweli babu alikuwa hafanyi useremala kama mtu anayetegemea. Alikuwa na daftari, baada ya kufariki tukalifungua na baba. Ukurasa mmoja una kila kitu, palizi ya kahawa, dawa ya kahawa, halafu mstari unaofuata "mlango 1 na fremu, debe 3 maharage, bado debe 1", halafu "kitanda, mbuzi jike, amezaa". Sasa "amezaa" kule ni deni au ni furaha tu? Tulibishana sana. Kuna madeni ya 1979 hayajafutwa. Kuna mtu amelipa nusu dirisha.

Na mwaka 77 kurasa zimejaa milango, milango, milango. Baba akasema huo ndo mwaka wa kahawa.

misitu_kwanza #20
Hiyo ni ya kweli kabisa. Julai 1975 baridi iliunguza mikahawa Brazil, bei ya dunia ikapaa mpaka 1977. Kote kwenye kahawa ukikuta nyumba ya tofali za kuchoma na bati za kwanza kwanza uliza, nyingi utaambiwa ni za hapo. Barafu imeanguka Brazil, fundi wa Mbinga kapata kazi ya milango.

GukaWaMuranga #21
Hata kwetu. Guka aliita ile pesa ya "Brazil". Mtu akijenga wanauliza, hii ni ya Brazil?

Binti Maguu #22
Hodi. Huyu mtoa mada ni binamu yangu, nimemjua kwa hizo patasi 😂 Kaka naomba nikurekebishe vitu vichache maana umeandika kama vile uliishi pale na wewe ulikuwa unakuja likizo tu.

Kwanza babu alikuwa anakata miti mwanzoni mwa mwezi wa sita, mvua zimekatika, maharage yameshatoka shambani na kahawa haijaiva yote. Ikishaiva hakuna mtu anayegusa shoka, hata kama mwezi umezima moja kwa moja. Kwa hiyo kwa mwaka alikuwa na giza moja au mawili tu ya kukata. Mimi naona sababu ni shamba, ila ukimwambia mteja "nina kahawa" anakusumbua, ukimwambia "mwezi bado" anaondoka na heshima zake.

Pili moshi siyo kwamba alipanga. Mbao zilipandishwa darini kwa sababu banda lilikuwa linavuja na ziliibwa mara moja mwaka 83 kipindi kile misumari haipatikani, bati hakuna, sabuni yenyewe shida. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kunyoosha misumari mikongwe juu ya jiwe, ukipiga kidole unalia, anakwambia nyoosha na wewe. Ilipoisha hata hiyo mikongwe akarudia vijiti, anatoboa tundu kwa keekee anapigilia kijiti cha mti mgumu na gundi. Vitu vyake vya miaka ile havina chuma ndani kabisa.

Tatu, la kabati nitarudi, ngoja nimpigie mtu.

MmatengoDaslamu #23
Dada wewe ndo umekuja kuniumbua au? La kabati lipi tena?

NasubiriMajibu #24
Nimesogeza kigoda.

Mkulima Msomi #25
Wakati tunasubiri. Mtoa mada kule juu umesema unga, kwetu Tabora huyo tunamwita dumuzi. Wengine wanamwita Scania. Alitumaliza mahindi miaka ya 80 mwanzoni, gunia linakuwa vumbi ndani ya miezi michache.

misitu_kwanza #26
Siyo huyo mkuu. Dumuzi ni wa mahindi na mihogo mikavu, aliletwa kutoka Amerika ya Kati na kwetu alionekana kwanza huko huko Tabora. Wa kabati ni ndugu yake. Ila hapa pana kitu kizuri, ukoo wa dumuzi ni ukoo wa watoboa miti, na mwenyewe mahindi yakiisha anaweza kuingia kwenye mbao za ghala akajificha. Ndo maana ukibadilisha mahindi bila kusafisha kihenge anarudi. Mkulima anayepaka dawa kwenye mahindi tu na kuacha nguzo za ghala anamfuga.

Mkulima Msomi #27
Kumbe. Mzee wangu alikuwa anapaka Actellic mpaka kwenye nguzo tukamcheka anapoteza dawa. Alifariki tunamcheka.

Kipande cha Mtu #28
Ngoja nitoe hoja nyingine ambayo hakuna atakayeipenda. Vitu vya babu zetu tunavyoviona ni vile vilivyobaki. Vilivyooza tulishavipikia maharage. Babu yangu ametengeneza stuli labda mia, imebaki moja, halafu sisi tunasema "stuli za zamani zilikuwa imara". Ulizeni zile 99.

Mlushoto #29
Wewe ndo wale mnaoharibu sherehe.

Seremala Keko #30
Ana hoja lakini. Kuna kitanda nilitengeneza 2009 mteja bado analala, kesho kutwa mjukuu wake atasema mafundi wa zamani bwana.

Bi Shemegi #31
Nimerudi kwa sababu ya daftari. Majeneza yaliandikwa?

MmatengoDaslamu #32
Hapana. Umeuliza swali zuri na sijawahi kulifikiria. Kijiji kizima alikuwa anawafanyia yeye, usiku kwa usiku, taa ya chemli, watu wanakaa nje wanasikia randa. Hakuna hata moja kwenye daftari. Hela haikupokelewa, ila baada ya msiba palizi ikifika utaona watu sita saba wamekuja na majembe kwenye kahawa yake bila kuitwa.

Alikuwa na mbao zake nane za mninga pale darini za siku yake mwenyewe, zimeandikwa kwa mkaa, na kila mtu anajua hazigusiwi. Mwaka 2006 mtoto wa jirani akafa maji, mbao kavu nyingine hakuna, akazishusha. Akasema atakata nyingine mwezi ukiisha. Miguu ilikuwa imeshaanza kumsumbua. Yeye tumemzika na jeneza la kununua mjini, lile la kung'aa lenye kitambaa cheupe kimegongwa kwa pini, na vishikio vya plastiki vilivyopakwa rangi ya dhahabu. Kimoja kiling'oka tukiwa njiani, baba mdogo akaweka mfukoni.

Jini Kisirani #33
Dah. Mzee apumzike. Nafuta ile ya kilabuni.

Binti Maguu #34
Usifute, alikuwa anaenda kweli.

Haya nimerudi. Nimeongea na shangazi mkubwa. Kaka kaa chini. Shangazi anasema kabati lile halikutengenezwa na babu. Lilitoka Peramiho kwenye karakana ya misheni, babu alilichukua likiwa bovu, halina milango, akalibeba na gari la kahawa. Yeye alitengeneza milango na droo tu. Mwaka 68 ndo lilifika nyumbani, mwaka lilipotengenezwa hakuna anayeujua.

Seremala Keko #35
😂😂😂😂 Ukurasa mzima huu!

NasubiriMajibu #36
Nimeanguka na kigoda.

Mlushoto #37
Kwa hiyo Wajerumani nao walikuwa wanakata giza la mwezi? Maana mwiko huo babu anaweza kuwa aliupata kwa mabruda wenyewe, Ulaya nao wakulima wana mambo hayohayo ya mwezi. #13 kasema ulipanda kutoka pwani, mimi nasema ulishuka na meli.

mwana kilwa #38
Meli ilipita Kilwa kwanza.

MmatengoDaslamu #39
Jamani subirini. Nimempigia baba mdogo yuko pale nyumbani, nimemwambia asogeze kabati aangalie nyuma na tochi. Babu alikuwa na alama yake, mkato wa pembe tatu kwa patasi mahali usipopaona, chini ya meza au nyuma ya droo. Kaangalia. Droo zote zina alama. Milango ina alama. Ubavu wa kulia hauna. Mgongoni kuna namba kwa penseli, na baba mdogo anasema moja imeandikwa na mkia mrefu kama hema na saba imekatwa katikati.

Hivyo ndivyo wazungu wa kule wanavyoandika, si ndiyo? Shangazi kashinda.

Binti Maguu #40
Kaka, kafungue daftari. Babu saba zake zote aliandika hivyo hivyo. Nani alimfundisha kuandika?

MmatengoDaslamu #41
...

Daftari liko kwa baba Songea. Nitaenda mwezi wa 12, nitageuza na ubavu wa kushoto maana umeegemea ukuta na baba mdogo mgongo unamuuma.

Seremala Keko #42
Ukienda niletee vipimo vya ile milango. Na lile la kwako usilitupe, leta nikutolee mgongo na ubavu nikuwekee kiini. Hesabu tutaongea inbox.

Jini Kisirani #43
Mwulize kwanza mwezi ukoje.